Humu Hamna Mtoto, Kuna Taka Tu

Mwajaa mwanangu,

Nimekutuma kusuka kwa makusudi. Mama Rehema nimemwambia akusuke zile ndogo ndogo kama ufuta, asikuachilie mpaka alasiri, hata ukilia kichwa kinauma. Kwa hiyo shingo ikikakamaa nilaumu mimi, yeye hana kosa. Nilitaka nyumba iwe tupu. Ungekuwepo ungekuja kuchungulia begani, "Mama unaandika nini?", nami ningesema ripoti, na kwa mara nyingine tena ningekuwa nimekudanganya.

Mambo ya safari ya chuo siyaandiki. Begi umelifunga mwenyewe, umelifungua, umelifunga tena, na mimi nimejitia sioni. Utakula nini na utalala saa ngapi ni shauri lako, umeshakuwa mtu mzima. Ninalo neno moja tu. Nimelikalia miaka kumi na tisa, na kesho asubuhi basi likitoka stendi hapa Kibiti, ama nitakuwa nimelisema ama nitakwenda nalo kaburini. Ni jina la mwanamke aliyekuzaa.

Kwamba siye mimi, unajua. Mtaa mzima unajua, na jina lako lenyewe linasema: Mwajaa, mtoto wa jaani, wa kuokotwa kwenye taka. Lakini nilikuokota kwa nani? Kila ulipouliza nilikuwa mkali kama siafu. Ukali ule ulikuwa woga, mwanangu. Niliapishwa nisilitaje jina hilo, na aliyeniapisha alisema nikilitaja utakufa.

Mimi, mwalimu wa jenomu na vinasaba, niliapa hivyo, na nikashika kiapo. Cheka kidogo kwanza, halafu tuendelee.

Katika muhula wako wa kwanza mtafika kwenye somo la urithi. Mhadhiri atawapa karatasi nyeupe aseme: kila mmoja achore mti wa ukoo wake, vizazi vitatu. Mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, aliyefariki mkate mstari. Zoezi hilo nalijua kwa sababu nililitunga mimi. Nilikuwa natafuta namna ya kuwafundisha vijana wa shahada ya elimu ya afya, ambao wengi wao waliiogopa jenomu kama wanavyoogopa hesabu. Nikawaambia, ninyi si watu wa maabara. Mtu wa maabara akikosea anamwaga chupa anaanza upya. Ninyi mtakwenda kukaa mkekani na mwenye damu, mumweleze yaliyomo ndani ya damu yake, na mkikosea mmekosea mbele yake. Maneno mazuri sana hayo. Nilikuwa nayasema kabla sijayajua.

Nimewaza karatasi yako itakavyokuwa. Duara moja katikati, juu yake hamna kitu. Mwenzako wa kulia ana bibi na babu, wa kushoto ana mashangazi mpaka karatasi haitoshi, na wewe una duara moja linaloelea. Nimeliwaza hilo wiki nzima, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sasa nikueleze nilivyokupata.

Mwaka ule nilikuwa na shahada mbili na ulimi mrefu. Nilikuja na wanafunzi kumi na wawili kwa mazoezi ya uwandani. Tulipanda boti Nyamisati, tukapita katikati ya mikoko mpaka Kiongoroni, wanafunzi wanaimba na mimi nimeshika koti la kujiokoa kwa mikono miwili. Mbena wa Njombe na maji ya chumvi wapi na wapi. Somo letu lilikuwa selimundu, huo ugonjwa wa sikoseli, kwa sababu huku pwani damu hiyo ipo kwenye nyumba nyingi.

Nilikuwa na vibuyu viwili na maharage. Kibuyu cha baba na kibuyu cha mama, kila kimoja kina punje mbili, moja nyeupe na moja nyekundu: nyeupe ni damu ya kawaida, nyekundu ni selimundu. Mtoto anapata punje moja huku na moja huku, mkono unaingia gizani bila kuchagua. Nyeupe mbili, mzima. Nyeupe na nyekundu, mzima vilevile, ila amebeba, anaweza kumrithisha mwanawe. Nyekundu mbili ndiye yule wa kuvimba vidole na macho ya manjano, anayelia mifupa usiku kucha. Kisha punje zinarudi kibuyuni, maana kila mimba ni mchezo mpya. "Maharage hayana kumbukumbu," ndiyo ilikuwa kauli yangu. Wanafunzi waliipenda, wakaiandika kwenye madaftari yao.

Aliyetupokea alikuwa kikongwe mmoja, Bibi Sikujua. Binti yake alikuwa amezika watoto watatu, wote kabla ya kufika miaka minne. Jina la binti huyo sitaliandika sasa. Nikifika mwisho nitajua kama mkono unaweza.

Tulikaa uwanjani kwake, saa saba mchana, jua la utosi, saa ambayo watu wa kule hukaa ndani wakanyamaza. Hilo nalo sikujua. Bibi alikubali kucheza, anatutania, ati watu wa bara wana akili mpaka maharage wanayapeleka shule. Akaingiza mikono kwa ajili ya mjukuu wa kwanza. Nyekundu mbili. Akarudisha. Kwa ajili ya wa pili, nyekundu mbili. Akarudisha, nikavitikisa vibuyu mwenyewe. Kwa ajili ya wa tatu, nyekundu mbili.

Vijana waliokuwa wakicheka waliacha kucheka. Mmoja alikigeuza kibuyu akakikagua, na nyeupe ilikuwemo. Bibi Sikujua akanitazama, hana tena utani usoni.

"Mwalimu," akasema, "maharage yako yana kumbukumbu."

Hapo ndipo mdomo uliponiponza. Ningeweza kusema imetokea tu, na kwa hesabu inaweza kutokea. Lakini nilihisi wanafunzi wananiponyoka, nikataka kushinda. Asubuhi ile nilikuwa nimepita zahanati nikasoma daftari la watoto, kazi isiyonihusu, nikaona kwamba binti wa Bibi ana mtoto wa nne. Miezi minane, wa kike. Na mtoto mwenyewe alikuwa palepale uwanjani, ubavuni mwa jirani, Mama Hadija, anayemwita mwanangu. Mwenye akili akiona jambo la watu asilolielewa, huuliza au hunyamaza. Mimi nilinyoosha kidole.

"Bado wa nne," nikasema kwa sauti ya darasani. "Yule pale si wa binti yako, Bibi? Tumtolee na yeye, muone kwamba bahati mbaya hairudiirudii."

Nikaingiza mikono yangu mwenyewe, nikatoa.

Hata kuku walinyamaza, Mwajaa, na kuku huwa hawanyamazi. Kabla sijafungua viganja Bibi alinipiga kofi mikononi, punje zikaruka, na kuku wawili wakawahi kuzidona. Rangi sikuziona. Mpaka leo sijui nilikutolea nini.

Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa Ikwiriri, ndiye aliyenivuta pembeni. "Mwalimu umefanya nini! Yule mtoto ametupwa jaani." Akanieleza. Mwanamke ambaye watoto hawamkai, akizaa tena, kichanga hulazwa kwenye jaa nyuma ya nyumba, kama taka. Mwanamke mwingine anapita, anajitia ameokota, anaondoka naye. Tangu hapo hakuna anayesema ni mtoto wa nani. Kile kinachokuja kuwafuata watoto wa yule mama kinapiga hodi, kinaambiwa humu hamna mtoto, kinakwenda zake. Na mimi nimekionyesha kwa kidole, mchana kweupe, mbele ya mashahidi kumi na wawili wenye kalamu.

Kabla ya alasiri ulikuwa umeshika moto mwili mzima. Mama Hadija alikuja akakulaza kizingitini kwa Bibi. Alikuwa analia, lakini hakurudi nyuma. "Ameshatangazwa," akasema. "Mimi siwezi tena."

Bibi Sikujua hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema, "Umemwonyesha wewe, utamficha wewe. Hujulikani huku, lugha yako haijulikani. Utamwokota kesho."

Nikaokota. Saa saba ileile. Ulikuwa umelala juu ya makapi ya mpunga na vifuu vya nazi, ganda la kamba limenata shavuni mwako, na hukulia. Ulinitazama kama mtu aliyechoka kunisubiri. Niliambiwa nisigeuke mpaka nifike kwenye boti, na sikugeuka, ila masikio hayana kope. Mama yako alikuwa bandani nyuma yangu, anatwanga. Nilisikia mchi wake mpaka injini ya boti ilipowaka. Baadaye niliambiwa kinu kilikuwa kitupu.

Nilidhani ni wiki moja. Huku Kibiti walikupima, malaria, ukapewa dawa, siku ya tatu unacheka. Nikakurudisha. Boti ilipokata kona kuingia kwenye mto wao, mwili wako ukawa kaa la moto. Tukageuza, ukapona. Nikakurudisha tena mwezi wa pili yake, na pale pale kwenye kona ile, homa. Najua, najua. Jua, mbu, uchovu wa maji. Niliziandika sababu zote kwenye daftari, zilifika saba, kila moja inakubalika kisayansi. Mara ya tatu sikwenda. Nikaomba chuo kinihamishie kituo chake cha uwandani hapa Kibiti, wenzangu wakaniona nimerogwa. Nikakupeleka madrasa, mimi niliyekuwa naimba kwaya, kwa sababu hilo pia nililiapa. Nikakulea nikisema ni kwa muda, mpaka siku uliyoniita Mama huku umekalia mguu wangu unakula muhogo, na hapo nikajua kwamba muda wenyewe ndio huu.

Kuna sharti jingine nililopewa, na hili ndilo lililotuumiza. Bibi alisema: akibisha mtu mchana na usimuone, akauliza habari za mtoto, mjibu, "Humu hamna mtoto, kuna taka tu." Nikamwuliza nijibu hivyo mpaka lini. Akasema, "Umfiche mpaka ajue kujificha mwenyewe." Sikuelewa.

Umewahi kujiuliza kwa nini nyumba hii nilikukataza kubisha hodi? Wenzako wote wanabisha kwao, wewe unaingia kimya kimya kama paka. Nilitaka kila hodi ya mlango huu iwe ya mgeni, nisichanganye.

Ya kwanza ilikuja una mwaka mmoja na nusu. Saa saba, umelala. Sauti ya mwanamke, ya upole, inaongea Kindengereko, lugha ya huku. Nilikuwa bado sijakijua, lakini hodi ni hodi. Nikafungua dirisha, uwanja mtupu, hata mbwa hayupo. Ikabisha tena nikiwa nimesimama pale pale natazama. Nilisema maneno yale, mimi mwenye vitabu vya vinasaba ukuta mzima. Ikaacha.

Ya pili unaijua. Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuwa nimekutoa damu nikakwambia ni ya malaria, mwongo mimi. Niliipeleka Dar kupima kama umebeba selimundu. Kwamba huumwi niliona kwa macho, ila kubeba hakuonekani kwa macho. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba majibu ya damu ni ya mwenye damu, na mwenye damu yako alikuwa darasa la tatu, hajaulizwa. Bahasha ililetwa mchana ule. Nimeishika tu, sijaipasua, mlango ukabishwa. Safari hii kwa Kiswahili safi. "Hodi wenyewe. Mtoto hajambo?" Nikachungulia dirishani, hakuna mtu. Nikapaza sauti kwa hasira, maana woga wangu mimi hutokea kama hasira, "Humu hamna mtoto! Kuna taka tu!"

Nikageuka. Ulikuwa umesimama ukumbini na begi la shule mgongoni. Mwalimu wenu alikuwa amewaruhusu mapema.

Siku mbili hukula. Siku ya tatu niliamka nikakukuta unafagia uwanja kabla hakujapambazuka, na tangu siku hiyo hukuacha, mvua jua, miaka kumi. Majirani wakawa wananisifu, "Mwalimu umelea, mtoto ana usafi huyo!" Nami nikawa nasema asante. Nilijua unachofagia ni nini. Nilijua, na nikapokea sifa.

Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko la kidole. La kidole nilifanya mbele ya watu kwa dakika moja. Hili nilikufanyia peke yako, kila alfajiri, kwa kunyamaza. Ningeweza kukukalisha nikakwambia, neno lile ni ngao, halikuwa tusi. Lakini ningekwambia ngao, ungeuliza ya kukinga nini, na kwa nani, na tungefika kwenye jina. Nisamehe mwanangu. Hujawahi kuwa taka hata siku moja.

Bahasha ile sijaifungua. Haya, nicheke tena. Mwanamke aliyefundisha watu kuipokea jenomu yao bila kuogopa, ameificha karatasi moja kwenye droo ya cherehani miaka kumi. Nimekuwekea ndani ya Kamusi yako. Ni yako. Unaweza kuifungua, unaweza kuichana ukapime upya mwenyewe kwa hiari yako, na hiyo ndiyo ingekuwa heshima. Na yupo Shabani wa Umwe. Usishtuke, nina macho. Sikuambii umwache, kijana ana adabu na anajua kuvua viatu mlangoni. Nakuambia akapime na yeye, kabla hamjaanza kuchagua majina. Watu wawili waliobeba wanaweza kuoana wakijua. Ni kutojua ndiko kunakoingiza mkono gizani mara tatu.

Bibi Sikujua alifariki masika yaliyopita. Nikadhani kiapo kimekufa naye, halafu nikagundua naogopa vilevile. Nimefundisha miaka mingi hivi na kuna swali moja wanafunzi huniuliza, mwalimu, wewe unaamini? Huwa nawajibu kwa mzaha. Wewe nitakujibu. Sijui. Najua selimundu inavyorithiwa, naweza kuichora nikiwa usingizini. Najua pia kwamba nilisikia mchi na nilisikia hodi, na kwamba yule kikongwe alitoa nyekundu sita mfululizo. Nilidhani elimu ingenifukuzia kimoja kati ya vitu hivyo. Vyote vimekaa ndani yangu mpaka leo, kimoja hakimsalimu mwenzake. Nawe huko uendako usimdharau mtu mwenye vitu viwili ndani. Kaa mkekani, uliza kwanza yule mtoto ni wa nani, na ukiona hawajibu, mwache awe wa yule aliyembeba.

Naona kivuli kimeingia chini ya mwembe wa jirani. Imekuwa saa saba.

Nilikuwa nimekusudia hapa ndipo niandike jina. Nimeandika herufi moja nikaikata. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi. Tazama hilo doa, ni jasho, nisikudanganye kwamba ni machozi.

Mlango unabishwa.

Mwajaa, narudi kuandika baada ya muda, usome polepole.

Hodi ya kwanza ilikuwa kwa Kibena. Lugha ya kwetu, ambayo hapa Kibiti naongea kwenye simu tu. Ilinisalimu kama anavyosalimu mtu wa Njombe aliyetoka mbali, kisha ikauliza mtoto hajambo. Nimetazama dirishani. Uwanja uliofagia asubuhi, una mistari ya ufagio, hauna hata unyayo mmoja. Ya pili, Kibena tena, karibu zaidi, kama mtu ameweka mdomo kwenye tundu la ufunguo. Nikafungua kinywa kusema yale maneno. Yamekaa ulimini miaka kumi na minane, hayahitaji kutafutwa.

Hayakutoka. Niliona ufagio wako umeegemea ukuta, umechakaa umebaki kisigino, na hayakutoka.

Ikabisha ya tatu. Nikapiga kelele, jirani naye amesikia bila shaka, "Yupo! Humu kuna mtoto! Ni Mwajaa, mtoto wa Mwanahawa wa Kiongoroni, na ni mwanangu mimi! Ni mzima, kesho anakwenda kusoma!"

Nimefungua mlango kwa nguvu mpaka komeo limeng'oka, nikiwa tayari kwa lolote.

Alikuwa Mama Kamba. Yule yule wako, anayekuja mara tatu kwa mwaka na kikapu cha kamba wakavu, anayekaa jikoni na hakubali kuingia sebuleni hata umvute, anayekuita "wewe mtoto wa Mwalimu". Huwa unanitania kwamba kamba wake wanatosha kulisha kambi nzima, kwa nini namnunulia wote. Simnunulii. Hajawahi kuchukua kitu kwangu. Huja kukutazama unavyokula.

Jina lake ni Mwanahawa. Mkono umeweza.

Kikapu kilikuwa kimemwanguka, kamba wametapakaa barazani. Miaka kumi na tisa hajasikia mtu akisema kwa sauti kwamba ana mtoto. Alijaribu kunilaumu, akashindwa, akaanza kuokota kamba mmoja mmoja. Nami nikachuchumaa tukaokota wote. Tulipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Umemwambia nani, Mwalimu?"

"Nimekujibu wewe. Si umebisha hodi mara tatu."

Akanitazama. "Nimebisha mara moja," akasema. "Nimefika sasa hivi, pikipiki imeniacha kona ile."

Hajui Kibena, Mwajaa. Nimemwuliza. Wala uwanjani hapakuwa na nyayo ila zake, zinatoka barabarani, za mtu mmoja.

Basi sijui nimemjibu nani kwanza. Lakini aliyeuliza ameshajibiwa kweli, na wanaoogopa sasa ni mimi na Mwanahawa, wewe usiogope. Nadhani nimemwelewa Bibi. Mtu hawezi kujificha na asichokijua. Sasa unajua damu yako imetoka wapi, unajua cha kupima, unajua cha kumwuliza Shabani. Ukitaka kujificha, jifiche mwenyewe. Ukitaka kuonekana, onekana.

Barua hii ilikuwa ya kusoma kwenye basi. Sitaweza kusubiri mpaka basi. Nampa mtoto wa Mama Rehema ailete hapo saluni, uisome ukimaliza nywele. Kwenye ile karatasi ya chuo utachora unavyotaka. Mimi ningekuomba maduara mawili juu ya duara lako, na kama mhadhiri atasema mti hauchorwi hivyo, mwambie aliyetunga zoezi amekubali.

Mama yako yuko jikoni, anachambua kamba ambao tayari ni safi. Kila kitu kikianguka kwa jirani anasimama. Nimemwambia nywele ndogo ndogo zinachelewa, akasema amezoea.

Ukifika usiingie kimya kimya kama nilivyokufundisha. Simama mlangoni, mwanangu, ubishe hodi.

Mimi, mama yako niliyekuokota